Akiba ya vitambaa vya mifarishi: anza na vilivyo kimya

Fungua sanduku la mtu aliyeanza kushona mifarishi ya viraka mwaka jana, utakuta vitenge. Vyekundu, vya njano, vya bluu inayowaka, vyenye maua makubwa kama sahani. Kila kimoja kinapendeza kikiwa peke yake, ila vikiwekwa kiraka kwa kiraka vinagombana na jicho halioni pa kutua. Vitenge havina kosa. Kinachokosekana ni kitambaa kimya cha kuvitenganisha, na mwenye sanduku hajawahi kukinunua kwa sababu dukani hakimwiti mtu. Mwongozo huu ni wa kujenga akiba ambayo siku ukikaa kwenye cherehani itakutosha, bila kukimbilia dukani katikati ya kazi.

Piga hesabu ya mfarishi mmoja

Akiba isiyo na kipimo haijai, kwa hiyo chukua mfarishi mmoja uwe kipimo chako. Kitanda cha 3 kwa 6 kina godoro la sentimita 91 kwa 183. Mfarishi wa sentimita 130 kwa 190 unakifunika na kuning'inia karibu sentimita 20 kila ubavu. Ukiamua kiraka kibaki sentimita 10 kwa 10 baada ya kushonwa, unahitaji viraka 13 kwa upana na 19 kwa urefu, jumla 247. Kila kimoja unakikata sentimita 11.5 kwa 11.5, maana mshono unakula sentimita 0.75 kila upande.

Hapa ndipo wengi wanapoteza kitambaa bila kujua. Maduka mengi ya vitenge hupima kwa yadi, na mtu anaomba robo yadi. Robo yadi ni sentimita 22.9. Safu mbili za viraka vya sentimita 11.5 zinataka 23. Umepungukiwa na milimita moja, na kitambaa bado hakijaona maji! Pamba ikifuliwa hupungua asilimia 3 hadi 5, hivyo robo yadi inashuka hadi sentimita 22 hivi. Muuzaji akikata upande, inashuka tena. Unabaki na safu moja ya viraka 9 na ukanda usiofika kipimo cha kiraka.

Omba robo mita. Sentimita 25 zikifuliwa zinabaki 24, zinatoa safu mbili. Kitenge kina upana wa sentimita 115 hivi. Ukitoa kusinyaa na kingo mbili za kiwandani unapata viraka 9 kwa safu. Robo mita moja, viraka 18. Kwa viraka 247 unahitaji vitambaa 14 tofauti vya robo mita, yaani mita 3 na nusu tu. Duka likikataa kukata chini ya nusu yadi, chukua nusu yadi: inatoa safu tatu, viraka 27, na ukanda wa sentimita 9 unaofaa kwa pindo.

Kwa upande wa chini wa mfarishi, doti moja ya kanga inatosha. Kila kanga ni kama sentimita 150 kwa 110. Zifue, kisha ziunganishe kwa pande zake ndefu, utapata kipande cha karibu 144 kwa 208, ambacho kinauzidi mfarishi wako sentimita 7 hadi 9 kila upande. Unahitaji ziada hiyo, kwa sababu tabaka tatu (ya juu, ya kujazia katikati na ya chini) zikishonwa pamoja, ya chini hujivuta. Pindo la kuzungushia linataka ukanda wenye upana wa sentimita 6 na urefu wa sentimita 670 ukihesabu na viungo. Hizo ni kanda 7 kutoka nusu mita ya kitambaa kimoja, kilichokolea ikiwezekana, kwa kuwa pindo ndilo linaloshikwa na kuchafuka kila siku.

Kitambaa kinachoingia sandukuni

Unataka pamba tupu, iliyofumwa kwa mtande na mshindio (nyuzi za urefu na za upana), isiyovutika, yenye uzito kama wa kitenge au shati la kiume. Uzito ukilingana, mishono inalala. Kitambaa chepesi kikishonwa na kizito, chepesi ndicho kinachochanika, na kinachanikia pale pale pembeni mwa mshono.

Shida ya kitenge siku hizi ni kwamba vingi ni poliesta vilivyochapwa kama pamba. Usiamini maandishi ya ukingoni; neno la pamba linachapwa popote. Dukani kuna jaribio moja lisiloleta ugomvi na mwenye duka: kunja pembe ya kitambaa ndani ya ngumi, bana kwa nguvu ukihesabu hadi 10, achia. Pamba inabaki na mikunjo mikali. Poliesta inafunguka kama haikuguswa. Tone la maji halisaidii sana kwenye kitambaa kipya, kwa sababu hata pamba safi ikiwa na dawa ya kiwandani huacha tone lisimame juu yake.

Ukifika nyumbani maliza ubishi kwa moto. Chomoa nyuzi tano au sita, zishike kwa kibano juu ya sahani ya bati, washa kiberiti. Pamba inawaka haraka, inanuka karatasi iliyoungua, na jivu lake ni la kijivu linalosagika kidoleni. Poliesta inajikunja, inayeyuka, na kuacha kishanga cheusi kigumu. Ukipata jivu na vishanga kwa pamoja, kitambaa ni mchanganyiko: kiweke kwa ajili ya upande wa chini au mifuko. Chomoa nyuzi za mtande na za mshindio, kila upande kivyake, maana kuna vitambaa vyenye pamba upande mmoja tu.

Kanga ni pamba laini na nyembamba kuliko kitenge. Inafaa juu, mradi usiishone na kikoi. Kikoi ni kizito, kimefumwa kwa kulegea, kinasinyaa kuliko vyote na nyuzi zake hufumuka ukikigusa tu. Wapenzi wake wakifue mara mbili kabla ya kukikata. Batiki ni nzuri ikishatolewa nta yote. Ikiwa bado inakwama kwenye pasi, irudishe kwenye maji ya moto. Kaniki inatoa weusi mzito usiopatikana kwingine, ila inachuja sana, na hilo tutalirudia.

Halafu marekani na poplini nyeupe. Hivi ndivyo vitambaa vya kwanza kununua, kabla ya kitenge chochote. Marekani, pamba isiyopaushwa ambayo ilipata jina lake pale wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walipokuwa wakiileta Unguja katika karne ya 19, ina rangi ya maziwa iliyotulia na inakaa vizuri karibu na rangi yoyote. Nunua mita 2 na usijutie.

Kinachobaki nje: tetroni ya sare za shule, satini, lesi, fulana, jinzi. Tetroni na satini hazivumilii pasi ya moto ambayo pamba inaihitaji, fulana inavutika ikaupinda mstari mzima, na jinzi kwenye makutano ya viraka vinne inavunja sindano. Jinzi ina mifarishi yake, ya jinzi tupu. Itafutie sanduku lake.

Kwa fundi

Fundi cherehani anayeshona magauni ya vitenge ana mabaki kila siku. Usiende ukidhani ni takataka: mengi yanajaza matakia, na mengine tayari yana mwenyewe. Msalimu inavyostahili, na kama ni mtu mzima shikamoo kwanza, kisha uliza wazi: "Fundi, hivi vipande vyako vina mtu, au naweza kukuwekea mfuko?" Akikubali, fanya hivi:

1. Mpelekee kiroba safi na ukifunge kwenye mguu wa meza ya kukatia, siyo karibu na cherehani. Vipande vinavyozolewa chini ya cherehani vina mafuta, na doa la mafuta ya mashine likishapigwa pasi halitoki.

2. Mpe kadi ya karatasi ngumu ya sentimita 12 kwa 12. Kipande kinachozidi kadi kinaingia kirobani, kisichozidi akifanyie apendavyo. Bila kadi utabeba kiroba cha nyuzi.

3. Chukua kila Jumamosi bila kukosa. Kiroba kikijaa kikaanza kumkera, ataita mwingine.

4. Mlipe kwa vitu vya kazi yake: pakiti ya sindano, uzi mweusi na mweupe. Hii inadumu kuliko hela ndogo ndogo.

Msimu wa harusi ndio mavuno. Sare ya kamati ni kitenge kimoja kwa watu 15 au 20, na kila gauni linaacha pembe. Hapo unapata kitambaa kimoja kwa wingi, kitu ambacho mabaki ya kawaida hayakupi, na kinatosha kuwa rangi ya kurudiarudia kwenye mfarishi mzima.

Angalia tu uelekeo wa nyuzi. Mabaki ya kwapa na shingo yamekatwa kwa mviringo, na ukiyakatia kiraka kwa kufuata umbo lake utapata pande za mshazari. Pande za mshazari zinavutika; kiraka kinaingia chini ya mguu wa cherehani kikiwa mraba na kinatoka kama kishada. Vuta kipande kwa mikono miwili: upande usiotii ni mtande, na ndio wa kulaza rula.

Mitumba

Gikomba au Toi kwa Nairobi, Karume kwa Dar es Salaam: nenda kwenye marundo ya mashati ya kiume. Shati kubwa la mikono mirefu linatoa viraka 40 hadi 50 vya sentimita 11.5. Mgongo peke yake una 20. Muhimu zaidi, mashati yana hasa kile ambacho vitenge havina: bluu iliyofifia, mistari myembamba, miraba midogo, nyeupe zisizofanana. Vitambaa kimya.

Soma lebo ya shingoni au ya ubavuni. Mitumba mingi imetoka Ulaya, na pamba imeandikwa kwa lugha ya huko: Cotton, Coton, Baumwolle, Katoen, Algodón, Bomull. Zote ni kitu kimoja. Unataka 100%, na ukiona Elastan au Spandex hata asilimia 2, rudisha rundoni, litavutika. Kama lebo imekatwa, tumia ngumi.

Nyoosha mgongo wa shati juu, jua liwe nyuma yake. Mahali palipochakaa panapitisha mwanga zaidi kuliko jirani yake, kwa kawaida mabegani na viwikoni. Kola na kwapa usivihesabu. Shati lenye madoa mbele lakini mgongo mzima bado ni mali, na ndilo muuzaji atakalokupunguzia. Nyumbani fumua mishono ya mabega na mbavu kwa mkasi, tupa mishono yenyewe, weka vifungo kwenye kopo.

Mashuka ya mitumba nayo yanafaa kwa upande wa chini, hata yakiwa mchanganyiko, mradi hayajafanya vinyweleo.

Dukani, mwisho kabisa

Nenda dukani ukishajua unachokosa. Mtaa wa Uhuru pale Kariakoo au Biashara Street ya Mombasa si mahali pa kwenda na kichwa kitupu. Utarudi na kitenge cha tausi. Uliza kwanza vipande vya mwisho wa jora, vile visivyofika doti wala gauni, ambavyo muuzaji anataka vimtoke.

Beba kidirisha. Ni karatasi ngumu uliyoitoboa tundu la sentimita 10 kwa 10 katikati. Kilaze juu ya kitenge, kisogeze mara nne au tano, ukitazama kinachoonekana tunduni. Kitenge chenye ndege wa sentimita 30 kitakuonyesha mara bawa, mara njano tupu, mara nusu ya jicho: ndege amekufa, na ulimlipia ndege. Kitenge chenye nukta, majani madogo au mistari kitaonyesha kitu kile kile kila tundu, na hicho ndicho cha viraka vidogo. Ukimpenda ndege kweli, mnunulie nafasi yake: kiraka kimoja kikubwa katikati, sentimita 40 kwa 40, vingine vimzunguke.

Kanga inataka uangalifu wa aina yake kwa sababu ina jina. Ukikata ovyo unapata kiraka kinachosema "NYEJI AP" badala ya "Mgeni njoo mwenyeji apone". Kata ukanda wa jina kwanza, mzima, ukiacha sentimita 2 juu na chini ya herufi, uweke pembeni. Pindo la kanga nalo likate kama ukanda mrefu. Ni mji tu, yaani sehemu ya katikati, ndio unaokatwa viraka.

Uwiano

Katika kila vitambaa 10 vya akiba, lenga 4 vya rangi nyepesi na tulivu (marekani, nyeupe, krimu, mashati yaliyofifia), 3 vya kati, 2 vilivyokolea sana, na 1 cha kelele. Kimoja tu. Watu hugeuza hesabu hii kichwa chini, na ndiyo maana wana sanduku lililojaa na hawana cha kushona.

Kukolea kwa rangi kunadanganya macho. Nyekundu na kijani vinaonekana mbalimbali kabisa, kumbe mara nyingi uzito wa rangi zao ni mmoja na vikikaa jirani mchoro unapotea. Panga vitambaa vyote sakafuni, vipige picha kwa simu, igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe. Sasa unaona nani mwepesi na nani mzito. Ikiwa picha nzima ni kijivu kimoja, hujapungukiwa na vitambaa; umepungukiwa na vyepesi.

Kufua kabla ya kuweka

Hakuna kitambaa kinachoingia sandukuni bila kufuliwa, hata kiwe na lakiri ya kiwanda. Kufua kunatoa wanga, kunasinyaza, na kunafichua anayechuja. Punguza ncha ya kila pembe kidogo ili nyuzi zisifumuke zikasukana. Vipande vidogo vitie kwenye wavu wa vitunguu, ufunge mdomo, ufue wavu wote. Vinginevyo utakesha ukifungua mafundo. Vyekundu, vyeusi na vya bluu nzito, kila rangi na beseni lake, maji ya moto kadiri mkono unavyovumilia.

Kisha jaribio la kuchuja: lowesha pembe, ifunike kwa kitambaa cheupe, kandamiza pasi ya moto sekunde 10. Cheupe kikitoka na rangi, fua tena. Watu watakuambia utie chumvi au siki. Rangi iliyochapwa kiwandani haikamatwi na chumvi ya jikoni; maji ya moto na kusuuza hadi yawe meupe ndiyo dawa. Kitambaa kinachochuja hata baada ya mara tatu kitoe kwenye akiba ya mifarishi. Kaniki mara nyingi huangukia hapa, na kiraka kimoja cha kaniki kinaweza kuipaka bluu marekani yote inayoizunguka siku mfarishi unapofuliwa mara ya kwanza.

Anika kivulini, piga pasi kikiwa na unyevu kidogo, na usitie wanga. Wanga ni chakula cha wadudu. Utautia siku ya kukata.

Kuhifadhi

Pwani adui ni ukungu, bara ni vumbi na panya. Mfuko wa plastiki uliofungwa unabana unyevu ndani, na baada ya masika utakuta madoa meusi yasiyotoka. Tumia foronya za pamba au sanduku lenye matundu. Sanduku la bati litandike shuka ndani kwa sababu ya kutu, la mbao vilevile, maana mbao hugeuza nyeupe kuwa ya njano pale zinapogusana. Majani makavu ya mwarobaini au karafuu zifungwe kwenye kitambaa na kuwekwa pembeni, visilale juu ya nguo, kwani mafuta ya karafuu yanaacha doa.

Gawa kwa ukubwa kwanza, rangi baadaye: vipande vya nusu mita na zaidi, vinavyotoa kiraka kimoja au zaidi, kanda zenye upana wa sentimita 4 hadi 10, na vidogo kuliko hapo viende kwenye takia. Vipande vikubwa vikunje kwa kuvizungushia kadi ya sentimita 15 kwa 20, visimame kama vitabu, uone vyote bila kufumua rundo. Kila baada ya miezi mitatu vikunje upya mahali pengine, kwa sababu kunjo lililokaa mwaka mzima linapauka na kuanza kukatika.

Na uwe na daftari dogo. Bana humo kipande cha sentimita 2 kwa 3 cha kila kitambaa, uandike upana, kiasi kilichobaki, umefua mara ngapi, kilichuja au hapana. Ukifika dukani unafungua daftari, unaona kurasa tano za nyekundu na nusu ukurasa wa krimu, na tausi wa muuzaji anabaki kwenye jora lake.